Geuza Sahani Kwanza: Namna ya Kukusanya Vyombo vya Kauri na Kioo vya Zamani Lubumbashi

Katika nyumba nyingi za zamani za Lubumbashi kuna kabati moja sebuleni, lenye milango ya kioo, ambalo mtoto akilikaribia na mpira mkononi anaitwa kwa jina lake lote. Sisi tuliliita vitrini. La kwetu lilikuwa na glasi tano za mvinyo zilizokuwa sita, birika la chai lisilo na mfuniko, na bakuli kubwa la supu ambalo sikuwahi kuona supu ndani yake. Vilitoka padri alipokuja, au siku wakwe walipoketi kuzungumza mahari. Kesho yake vilirudi, na ufunguo ukarudi kwenye pindo la kitenge cha nkambo, yaani bibi yetu.

Nilianza kukusanya siku nilipoona bakuli kama lile katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, limewekwa juu ya gunia baina ya masufuria ya kuziba na nyaya za redio. Muuzaji alikuwa analitumia kuwekea misumari. Niliyojifunza tangu siku hiyo, kwa fedha zangu na kwa vigae vyangu, ndiyo haya.

Vyombo hivi vilifikaje huku

Ukijua njia iliyoleta chombo, nusu ya kazi ya kukitambua imekwisha. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ikafika. Mzigo wa Ulaya ulishuka katika bandari za kusini na mashariki mwa Afrika, kama Cape Town na Beira, ukapanda juu kupitia Rhodesia. Ndiyo maana usishangae kukuta sahani za Kiingereza katika mji uliotawaliwa na Wabelgiji. Mwaka 1931 reli ya Benguela ilikamilishwa, na bidhaa zikaanza kuingia pia kupitia Lobito, bandari ya Angola. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wahandisi na wake zao, na wake zao walileta seti za kahawa. Wagiriki, Waitalia, Wareno na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifungua maduka na kuleta ladha zao.

Baadaye makabati yalifunguliwa moja baada ya jingine. Mwaka 1960 na miaka ya Katanga kujitenga, wazungu wengi waliondoka na mizigo mepesi. Mwaka 1973 biashara za wageni zilitwaliwa kwa amri ya Zaire. Mwaka 1991 kulikuwa na uporaji. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na kiinua mgongo kilipokwisha, familia nyingi ziliuza kilichokuwa sebuleni. Sahani uliyoishika leo huenda imepita katika misukosuko yote hiyo bila kupasuka. Iheshimu kidogo.

Hatua ya kwanza: chagua mstari mmoja

Anayenunua kila kinachong'aa, baada ya mwaka mmoja ana stoo, hana mkusanyo. Chagua kitu kimoja: vikombe vya kahawa peke yake, faiyansi ya Ubelgiji (udongo wa kuchoma ulio laini kuliko kauri), karafu za kioo (chupa za mezani za mvinyo), au glasi za kila siku za miaka ya 1950 na 1960. Chagua kulingana na nafasi uliyo nayo na mfuko wako. Vikombe vidogo ni rahisi kubeba, rahisi kupanga, na mara nyingi huuzwa kimojakimoja kwa bei ndogo kwa sababu seti imevunjika.

Mimi nilichagua samawati. Rangi ile ya buluu iliyolala chini ya glazi, yaani chini ya ukoko wa kioo unaofunika udongo, hutoka kwenye kobalti. Wachina waliitumia sana kwenye kauri tangu karne ya 14, kwa sababu ni miongoni mwa rangi chache zinazostahimili moto mkali wa tanuri bila kufifia. Kwa mtoto wa Katanga, jimbo ambalo kila familia ina mjomba aliyefanya kazi ya madini, kukusanya kobalti katika umbo la sahani ni mzaha mtamu. Wageni wangu huuliza kwa nini kabati langu ni la buluu tupu, nami huwajibu kwamba nimejenga mgodi wangu mdogo usiohitaji leseni.

Hatua ya pili: zana

Huhitaji mengi. Simu yenye tochi. Lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, kama ya mafundi saa; ukiikosa, kamera ya simu iliyovutwa karibu itakusaidia. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo cha kufuta vumbi kwenye alama. Kitochi cha mwanga wa zambarau, kile wanachotumia watu kukagua noti za dola. Hiki usikidharau, utaona kazi yake hapa chini. Na kitenge kikuukuu cha kufungia, maana ukikipata chombo huna kitenge utarudi nyumbani ukiomba Mungu kila shimo la barabara.

Hatua ya tatu: geuza

Kabla ya kuuliza bei, geuza. Kwanza shika kwa mikono miwili, toa mfuniko kama upo, kisha pindua taratibu. Usishike kikombe kwa mkono wake wala birika kwa mdomo wake; huenda vilishagundishwa na mtu kabla yako, na vikibaki mkononi utavilipia wewe.

Chini utakuta mojawapo ya mambo matatu: alama iliyopigwa rangi, alama iliyokandamizwa kwenye udongo, au hakuna kitu. Kutokuwa na alama si dalili ya ubovu. Vyombo vingi vizuri vya karne ya 19 havina. Kinachodanganya zaidi ni alama nyingi mno: taji, simba, utepe wa dhahabu, na neno kubwa la kifalme ambalo haliungani na mji wowote.

Tazama jina la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuandika hivyo kwenye kila kitu. Kwa hiyo neno «England» peke yake kwa kawaida ni la baada ya 1891, na «Made in England» kwa kawaida ni la karne ya 20. «Nippon» ni Japani ya kabla ya 1921; ukikuta maneno yanayosema Japani iliyokaliwa, chombo ni cha baina ya 1945 na 1952. «Western Germany» au «West Germany» ni la baada ya 1949, na halivuki 1990. «Czechoslovakia» haliwezi kuwa la kabla ya 1918, kwa kuwa nchi yenyewe haikuwepo. Hapo ndipo jiografia ya shule ya msingi inapolipa.

Sasa mtego ninaoupenda kuliko yote. Mtu mmoja aliniletea sahani nyumbani, amevaa koti, amebeba mfuko kama daktari. Chini ya sahani paliandikwa Villeroy & Boch na mwaka 1748. Alitaka dola nyingi, akisema ina karibu miaka mia tatu. Nikamwonyesha alama nyingine pembeni, ndogo, inayosema chombo kinaweza kuoshwa kwa mashine. Mwaka ulioandikwa kwenye alama mara nyingi ni mwaka kampuni ilipoanzishwa, si mwaka sahani ilipotoka tanurini. Hakukasirika, alicheka, akanywa chai, akaondoka na sahani yake kwenda kutafuta mwingine asiyegeuza.

Majina utakayoyakuta sana Lubumbashi ni ya Kibelgiji na ya majirani wa Ubelgiji. Boch Frères wa La Louvière walianza mwaka 1841. Kiwanda chao kiliitwa Keramis, na alama zao hutaja jina hilo au herufi B.F.K. Sahani zao za kawaida ni nzito kidogo, nyeupe ya maziwa, na zimeingia jikoni kwa watu wa kila aina. Vasi zao, yaani vyombo vya maua, za rangi nene zilizoinuka, zile zilizosimamiwa na msanii Charles Catteau katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ni jambo jingine kabisa. Ukiiona moja sokoni, usipige kelele. Kutoka Maastricht, Uholanzi, ng'ambo tu ya mpaka wa Ubelgiji, zilikuja sahani za kiwanda cha Petrus Regout, zenye picha ya sfinksi, yaani simba mwenye kichwa cha mtu.

Limoges inawachanganya wengi. Limoges si kiwanda, ni mji wa Ufaransa. Udongo mweupe wa kaolini uligunduliwa jirani yake, Saint-Yrieix, katika miaka ya 1760, na viwanda vingi vikazaliwa hapo. Kauri ya Limoges mara nyingi ina alama mbili: moja ya kijani chini ya glazi, ya aliyechoma chombo cheupe, na nyingine juu ya glazi, nyekundu au dhahabu, ya aliyekipamba. Ukikuta ya kwanza tu, huenda kiliuzwa cheupe na kupakwa rangi na mtu mwingine, pengine mama fulani aliyekuwa na muda mwingi mchana.

Panga mbili za buluu zilizopishana ni alama ya Meissen, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1710 karibu na Dresden. Ni miongoni mwa alama zilizoigwa mno. Ukiziona katika soko letu, anza na shaka, malizia na shaka.

Hatua ya nne: sikiliza, elekeza kwenye mwanga, papasa

Simamisha kikombe kwenye kiganja na ukigonge kwa kucha. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo, sauti ikavutika. Yenye ufa hujibu kwa sauti bubu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Faiyansi hailii hivyo hata ikiwa nzima, kwa sababu udongo wake ni laini na una vitundu, kwa hiyo usiihukumu kwa sauti peke yake.

Kisha washa tochi ya simu nyuma ya sahani. Kauri hupitisha mwanga na utaona kivuli cha vidole vyako, faiyansi haipitishi. Kauri ya mifupa, ile Waingereza waliyoikamilisha mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuchanganya jivu la mifupa ya ng'ombe, karibu nusu ya mchanganyiko, hupitisha mwanga wa joto, wa rangi ya malai. Huo mwanga huohuo utakufichulia ufa mwembamba kama unywele ambao jua la sokoni liliuficha.

Papasa ukingo wote kwa ncha ya kidole, polepole, mzunguko mzima. Macho hudanganywa na maua. Kidole hakidanganywi na pengo. Angalia pia nyayo, yaani ule mduara sahani inaosimamia. Chombo kilichotumika miaka sitini kimechakaa hapo, na juu yake kuna mikwaruzo ya visu inayoenda kila upande. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, mtu aliipiga msasa juzi.

Rangi je? Weka lenzi. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangwa sawasawa, kama picha ya gazeti, ni picha iliyochapwa na kubandikwa. Ukiona mistari ya brashi, mahali pazito na mahali pepesi, ua moja limezidi jirani yake, ni mkono. Picha ya kubandika si kosa, viwanda vikubwa vyote vilifanya hivyo. Kosa ni kulipa bei ya mkono kwa nukta.

Hatimaye, washa kitochi cha zambarau ukiwa mahali penye giza. Gundi na rangi za kurekebishia hung'aa tofauti na glazi ya asili. Nilinunua bakuli zima, nikaliangalia usiku umeme ulipokatika, na ubavu wake wote ukawaka kama jeraha lililofungwa plasta.

Hatua ya tano: vioo

Kwa kioo kuna maswali mawili: kilipulizwa au kilikandamizwa kwenye kalibu, na ni kristali au kioo cha kawaida.

Kilichokandamizwa kina mshono, mstari mwembamba unaopanda ubavuni, na pembe za mapambo yake ni za mviringo, kana kwamba zimelambwa. Kilichokatwa kwa gurudumu kina pembe kali. Pitisha kidole uone. Chini ya glasi iliyopulizwa kwa mkono mara nyingine utakuta kovu, mahali fimbo ya fundi ilipovunjwa, au mduara laini alipolisugua.

Kristali ni kioo kilichotiwa oksidi ya risasi. Ni kizito mkononi, hulia kwa muda mrefu kikigongwa, na huvunja mwanga kuwa rangi. Kwa kanuni za Ulaya, kristali ya risasi lazima iwe na angalau asilimia 24 ya oksidi hiyo. Jina la Ubelgiji hapa ni Val Saint Lambert, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1826 huko Seraing, karibu na Liège, ndani ya abasia ya zamani, yaani makao ya watawa. Kazi yake maarufu ni kristali ya tabaka mbili: juu rangi, bluu au nyekundu, chini angavu isiyo na rangi, kisha fundi anaikata rangi mpaka ile angavu inatoka kwa michoro. Vipande vingi vilitiwa karatasi ya kubandika tu, nayo ilioshwa zamani, kwa hiyo usitegemee saini.

Karafu ikiwa na kizibo cha kioo, hakikisha ni chake. Mafundi wengine walikwaruza namba ileile kwenye shina la kizibo na kwenye shingo ya karafu. Kizibo kinachocheza ndani ya shingo ni yatima kutoka karafu nyingine.

Zipo pia glasi za kila siku, na mimi nazipenda kuliko kristali. Duralex ya Ufaransa, kioo kilichotiwa nguvu kwa moto na upepo, ilianza mwaka 1945. Pindua, utaona jina na namba ndogo katikati. Shuleni tulikuwa tunashindana: namba yako ndiyo umri wako, mwenye 48 ndiye mzee wa meza na wa mwisho kufua nguo. Ukweli ni kwamba namba ile ni ya kalibu iliyotumika. Duralex ikivunjika huvunjika yote, kwa punje ndogo, na huvunjika siku usiyoitarajia. Sahani nyeupe za Arcopal, kioo cha maziwa kutoka Arques, ni za mwaka 1958 na kuendelea. Bado ni rahisi kupata, na ndiyo sababu ya kuanza nazo sasa.

Sasa kitochi cha zambarau kwa mara ya pili. Ukimulika glasi ya njano au ya kijani kibichi, ikawaka kijani kikali kama mdudu wa usiku, kuna urani ndani yake. Wabohemia walitia urani kwenye kioo tangu miaka ya 1830, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuijua mionzi. Kisha historia ikafika kwetu: mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, si mbali na Likasi. Yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako radiamu ilikamuliwa kuanzia mwaka 1922, na urani yenyewe ilikuwa masalio tu, ikauzwa kwa wenye viwanda vya vyombo na vioo wapate rangi ya njano na ya chungwa. Huwezi kusema kila glasi ya kijani ilitoka huko. Lakini ninayo sahani moja ndogo ya keki inayowaka, na kila nikiimulika nawaza kwamba huenda imesafiri kwenda Ulaya na kurudi. Mionzi yake ni midogo. Iweke kabatini, usiinywee wala kuilia kila siku, na ikivunjika usisage vumbi lake.

Hatua ya sita: adabu ya kununua

Hapa wengi wanakosea, na hakuna lenzi ya kuwasaidia.

Usiende nyumba yenye matanga. Najua wanaokwenda siku ya tatu, wakiketi na wafiwa huku macho yapo kwenye vitrini. Usifanye. Subiri, na hata baada ya miezi uliza kwanza: chombo hiki ni cha nani sasa? Kijana anayeuza seti ya bibi yake bila shangazi zake kujua anakuuzia kesi. Chombo kinachouzwa haraka mno, usiku, bila hadithi, kiache.

Sokoni mambo ni mepesi zaidi. Siku moja niliona kikombe cha samawati na kisahani chake, chini ya rundo la vifuniko.

«Jambo mama. Hii kakopo ni bei ngapi?»

«Karibu baba. Iko na kasahani yake. Ni ya zamani, ya bazungu. Haiko ya Chine.»

Nikageuza. Boch, La Louvière. Nikapapasa ukingo: pengo moja, dogo kama punje ya mchele, karibu na mkono.

«Ilikuwa ya nani, mama?»

«Ya mama-mukwe wangu. Bwana yake alikuwa mupishi kwa bazungu. Siku balienda, bakamuachia vyombo.»

Tazama, hilo swali la mwisho ndilo lililobadilisha mazungumzo. Kabla yake nilikuwa mnunuzi. Baada yake mama alivuta kigoda. Alinieleza mzee alivyokuwa akikioshea kikombe hicho beseni lake peke yake, na alivyokataa watoto wasikiguse hata alipokuwa hana sukari ya kutia ndani. Nilimwonyesha pengo, kwa sababu lilikuwepo, akapunguza kidogo; sikumsukuma zaidi. Nililipa franga zisizotosha gunia la makala, yaani makaa. Na tangu hapo akipata kitu, mimi ndiye wa kwanza kupigiwa simu.

Kuhusu bei yenyewe: pengo linashusha, ufa unashusha zaidi, na dhahabu iliyofutika inashusha kwa kiasi. Seti kamili inauzwa zaidi ya jumla ya vipande vyake. Usinunue ukitegemea kutajirika. Sahani za kawaida za kiwanda zilitengenezwa kwa mamilioni, na huko Ulaya wajukuu wanazitoa bure.

Hatua ya saba: kufikisha nyumbani

Kila kipande kitambaa chake. Sahani zibebwe zimesimama kwa ukingo kama vitabu, si kulazwa moja juu ya nyingine. Mfuniko na birika vifungwe mbalimbali. Ukipanda moto, yaani pikipiki, mzigo uwe mapajani au kifuani, usiwe kwenye keria ya nyuma.

Hatua ya nane: kuosha na kuweka

Beseni la plastiki, taulo chini, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kipande kimoja kwa wakati. Usiloweke chombo kilichogundishwa. Usitumie Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo: inakula dhahabu, na kwenye faiyansi yenye ufa inaingia chini ya glazi na kuendelea kuharibu baada ya wewe kusahau. Madoa ya kahawia kwenye faiyansi hupungua ukiifunika kwa pamba iliyolowa maji ya oksijeni ya duka la dawa, yale ya asilimia 3, kwa siku kadhaa, ukiibadilisha kila inapokauka. Jivu na mchanga, vilivyong'arisha masufuria ya mama zetu, viache kwa masufuria.

Karafu iliyofifia ndani ijaribu kwa siki na mchele mkavu. Tikisa polepole, suuza. Ukungu ukibaki, kioo chenyewe kimelika na hakuna dawa ya nyumbani.

Somo la Julai nililipata kwa hasara. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na asubuhi za kiangazi, Juni na Julai, baridi inauma. Alikuja mgeni ninayemheshimu, nikatoa glasi ya kristali kabatini, baridi kama jiwe, nikamimina chai iliyochemka. Ililia tik, sauti ndogo tu, na chini ikabaki mezani huku juu ikiwa mkononi mwangu. Chai ikaenda kwenye suruali ya mgeni. Siku hizi chombo cha zamani nakipasha kwanza kwa maji ya vuguvugu, na kristali haipewi kitu cha moto kamwe.

Kabatini, weka karatasi au kipande cha kitenge baina ya sahani. Usining'inize vikombe kwa mikono yao. Kulabu hula polepole. Ziba nyufa za milango kabla ya kiangazi, kwa sababu vumbi jekundu linaingia kila mahali, na kulifuta kila wiki ndiko kunakovunja vyombo vingi kuliko watoto.

Je, uvitumie?

Baadhi, ndiyo. Sahani nzima ya Boch au ya Arcopal naitilia bukari (ugali) na mboga bila wasiwasi, na chakula kina ladha nyingine juu yake. Lakini glazi na rangi nyingi za zamani zina risasi. Chombo chenye rangi iliyopakwa juu ya glazi upande wa ndani, au kilichochakaa, kisipewe limau, nyanya, siki wala maziwa ya mtoto. Karafu ya kristali imimine mvinyo siku ya karamu, usiuache ndani wiki nzima: risasi hutoka kidogokidogo na kuingia kwenye kinywaji. Wajawazito na watoto wadogo wasinywee kristali. Chombo kilichogundishwa ni cha kutazama, basi.

Hatua ya mwisho: daftari

Kila kipande kipe namba ndogo kwa penseli kwenye karatasi iliyowekwa chini yake, si kwa stika ya gundi. Piga picha ya juu, ya chini na ya kila kasoro. Andika vipimo, alama, ulipokipata, ulicholipa, na hasa aliyekuuzia alisema nini, kwa maneno yake. Jina la mtu liandike akikubali tu.

Ukurasa wangu wa 14 unasomeka hivi: «Kikombe na kisahani, faiyansi, samawati chini ya glazi. Boch, La Louvière. Urefu sentimita 6. Pengo moja karibu na mkono, lilikuwepo. Soko la Kenya. Kilikuwa cha mpishi. Alikiosha beseni peke yake. Mama ameomba nikipiga picha ya kabati nimtumie, apate kukiona mahali kinapolala. Nimetuma.»